Kimpira kinauzwa duka gani?

Mmeuliza wiki hii: misaada ya wafadhili imetujenga au imetulemaza? Mi niko Uvinza, Kigoma, na jibu langu linaanzia kwenye kimpira cha pampu, msinicheke.

Kijijini kwetu tuliletewa pampu ya maji ya mkono, mfadhili simtaji. Siku ya uzinduzi tisheti, kofia, vigelegele, mbuzi kachinjwa. Mi ndo nilikua mweka hazina wa kamati ya maji. Haikufika mwaka na nusu pampu ikaanza kuvuta upepo, fundi akafungua akatoa kimpira cha ndani kimelika kama kandambili ya mvuvi, akasema hiki huku hakipatikani, saizi yake haifanani na pampu tulizozoea. Kwenye daftari tulikua na elfu thelathini na sita. Nikampigia yule afisa wa siku ya uzinduzi, akaniambia mama, mradi ulishafungwa na ripoti imeshaenda. Yani mradi umefungwa wakati sisi kiu bado tunayo! Tukarudi mtoni na ndoo zetu. Bango lenye bendera bado limesimama, mbuzi wanajikunia pale.

Sasa chukua daraja la Kikwete pale Malagarasi. Watu wengi huku wanajua Wakorea walitupa zawadi, hapana jamani, ule ni mkopo wa masharti nafuu toka Korea Kusini, tunalipa. Ila lina mwenyewe, likipata ufa TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, wanajulikana walipo. Mi kwangu tofauti iko hapo, kwamba mgeni akishaondoka anabaki nani, bure au mkopo baadae.

Na hizi za bure zina mambo yake. 2008 Wamarekani kupitia MCC, shirika la serikali yao la misaada, walisaini na serikali dola milioni 698 za nchi nzima, na Kigoma tulitarajia mtambo wa umeme wa maji pale Igamba, mto huohuo Malagarasi, ikaja kuonekana kuna viumbe adimu mtoni, mpango ukafutwa tukaletewa sola za shule, zahanati na masoko. Sizibezi, aliyewahi kuzalishwa kwa tochi ya simu anajua, ila sola ya zahanati haisagi mahindi. Halafu 2016 wakasimamisha awamu ya pili, dola milioni 472, sababu uchaguzi wa Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Mambo ya Zanzibar na sisi wa Uvinza wapi na wapi! Mtambo wa Malagarasi ndo ukaja kupata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulipitishwa 2020.

Januari 2025 Trump nae kasimamisha misaada siku 90, shemeji yangu alikua anahamasisha watu kupima VVU, kazi ikaisha kwa meseji ya asubuhi, hata chai hajamaliza. Wagonjwa aliokua anawafatilia nyumba kwa nyumba hakuna aliyekabidhiwa.

Juzi wamekuja wageni wengine, wanataka kutuchimbia kisima kipya. Kabla soda hazijafunguliwa nikanyoosha mkono: kimpira chake kinauzwa duka gani hapo Kigoma mjini, na shilingi ngapi? Mwenyekiti akanikata jicho. Wageni wakaandika swali langu kwenye kompyuta, wakasema ni swali zuri sana. Mpaka leo sijajibiwa.