Maoni ya filamu ya drama: acha kusimulia hadithi nzima
Ndugu, umesema kila ukiandika maoni unajikuta umesimulia filamu yote, kisha unamalizia na "imenigusa sana". Unachokosa ni tukio moja la kushikilia.

Andika siku hiyohiyo, kabla hujasoma maoni ya wengine. Muhtasari usizidi sentensi 2. Kisha chagua tukio lililokukaba koo, ulirudie mara 2: kwanza bila sauti, halafu ukiwa umefumba macho. Hapo utajua kama machozi yaliletwa na mwigizaji au yalisukumwa na muziki, na tofauti hiyo ni kubwa mno. Wengi humsifu mwigizaji kwa kazi ya vinanda.

Itazame kamera pia. Katika 12 Angry Men (1957), filamu ya wazee wa baraza la mahakama wanaojadili kesi karibu muda wote ndani ya chumba kimoja, mwongozaji Sidney Lumet alianza kwa kuiweka juu ya usawa wa macho, akaishusha hatua kwa hatua hadi chini yake, huku akitumia lenzi ndefu zaidi, zile zinazovuta picha karibu na kufanya kuta zionekane kusogea. Ndiyo maana chumba kilekile kinazidi kubana. Maelezo ya namna hiyo yanampa msomaji sababu. "Inachosha" peke yake haimsaidii: taja dakika ilipoanza kulegea, na mazungumzo gani yalirudia tulichokwisha kuona.