Mkono ulioshika taya ndio unaopumulisha

Majeruhi wa bodaboda aliyepoteza fahamu akikoroma, usidhani amelala. Misuli imelegea, ulimi umerudi nyuma, njia ya hewa imeziba kiasi. Na yule anayevuta pumzi kwa kushtuka, moja sasa, nyingine baada ya muda mrefu, mhesabu kuwa hapumui: tafuta mapigo, na kama hayapo anza kukandamiza kifua.

Kwa kuwa ameanguka, shingo usiikunje nyuma. Piga magoti upande wa kichwani, weka vidole nyuma ya pembe za taya, usukume taya mbele hadi meno ya chini yapite ya juu. Hewa ikigoma kupita, ndipo uinamishe kichwa nyuma kidogo kidogo, maana kukosa hewa kutamuua kabla ya shingo. Damu na matapishi yatoke kwanza: mgeuze ubavu, mwili wote kwa pamoja, au fyonza kwa mashine kwa sekunde zisizozidi 15, ncha ya mrija ukiiona muda wote.

Mrija wa Guedel, ule wa plastiki uliopinda unaowekwa mdomoni kuzuia ulimi usirudi nyuma, upime kutoka pembe ya mdomo hadi pembe ya taya. Mfupi huusukuma ulimi nyuma zaidi. Akianza kuchefuka, utoe papo hapo.

Sasa mfuko wa kupumulisha, ule wengi wanaouita Ambu. Kosa kubwa ni kuigandamiza usoni barakoa yake, inayofunika mdomo na pua. Ukiibonyeza hivyo, taya linarudi nyuma na unaziba njia uliyoifungua mwenyewe. Liinue taya liifuate barakoa. Kidole gumba na cha shahada viizunguke barakoa; vitatu vinavyobaki vikamate mfupa wa taya, visiguse nyama laini chini ya kidevu, hasa kwa mtoto. Mkiwa wawili, mmoja ashike barakoa kwa mikono yote miwili, mwingine akamue. Mkono mmoja huvuja hata kwa wazoefu, kwa hiyo msaidizi akiwapo usifanye peke yako.

Mfuko wa mtu mzima hubeba takriban mililita 1,500, naye anahitaji 500 hadi 600 tu. Kamua kwa sekunde moja, uache mara kifua kinapoinuka. Mwenye mapigo asiyepumua apewe pumzi moja kila sekunde 6. Mtoto, kila sekunde 2 hadi 3. Hesabu kwa sauti, kwa sababu hofu huukimbiza mkono. Hewa iliyozidi huingia tumboni, tumbo linavimba na kuyabana mapafu kutoka chini, kisha matapishi yanapanda na kuingia kwenye mapafu. Shinikizo la hewa hiyo iliyozidi pia huzuia damu kurudi kwenye moyo.

Kifua kisipoinuka, usikamue kwa nguvu zaidi. Rekebisha taya, kisha barakoa, kisha chungulia mdomoni. Meno bandia yaliyokaa imara yaache, yanasaidia barakoa kushika mashavu.

Kila zamu inapoanza, ziba tundu la mfuko la kutokea hewa kwa kiganja na ukamue. Mfuko ukisinyaa, kuna pavujapo. Hakikisha barakoa za watoto wachanga zipo. Mtungi wa oksijeni nao upigie hesabu kabla ya kuondoka eneo la ajali: ujazo wa mtungi kwa lita mara bari, yaani kipimo cha shinikizo la gesi iliyomo. Wa lita 2 unaosoma bari 100 una takriban lita 200, na kwa lita 15 kwa dakika hautafika robo saa.