Kabla ya Kumpeleka Mwanao Shule Ndogo ya Sanaa

Ukitaka kujua kama shule inafundisha kwa sanaa, usiitembelee siku ya maonyesho. Siku hiyo karibu kila shule hapa Kampala inapendeza: ngoma zimewambwa upya, wachezaji wamefungwa manyoya kiunoni, wageni wameketi chini ya hema, na watoto ambao hawakuchaguliwa wako nyuma wakipiga makofi. Nenda Jumanne asubuhi, katikati ya muhula. Omba ruhusa ya kukaa darasani kipindi kizima cha hesabu, kisha kipindi kizima cha sayansi. Ukinyimwa, umeshapata sehemu ya jibu.

Nasema haya nikiwa mama ambaye wanawe wawili wamesoma katika shule ndogo ya binafsi inayofundisha karibu kila somo kwa muziki, uchoraji, maigizo na kazi za mikono. Wazazi wenzangu, hasa sisi tuliokuja Uganda kwa kazi au biashara na nyumbani tunaongea Kiswahili, huniuliza kila Januari kama shule za namna hiyo zinafaa. Jibu langu ni kwamba zinafaa sana, ikiwa sanaa ndiyo njia ya kufundishia. Ikiwa ni pambo la kuvutia wageni, afadhali karo hiyo uipeleke kwingine.

Tofauti huonekana kwa macho. Kijana wangu alikuwa anazikimbia hesabu za sehemu mpaka alipowekwa kwenye amadinda. Hayo ni marimba ya Buganda yenye mbao 12, na hupigwa na watu watatu. Wawili hukaa wakitazamana. Wa kwanza, omunazi, hupiga kwa mwendo usiobadilika. Wa pili, omwawuzi, huyapenyeza mapigo yake katikati kabisa ya mapigo ya mwenzake. Hao wawili hutumia mbao 10 za chini, na kila mmoja hupiga sauti moja katika mbao mbili kwa pamoja, ya chini na ya juu yake. Wa tatu, omukoonezi, ana mbao mbili tu za mwisho, na kazi yake ni kusikiliza kile ambacho wenzake wawili wanakiunda pamoja, kisha kuzirudia sauti fulani zinazojitokeza humo.

Fikiria mtoto anajifunza nini hapo. Mkono wake mwenyewe unakwenda polepole, lakini wimbo unaosikika unakwenda mara mbili ya mwendo wake. Nusu ya pigo si maneno ya ubaoni tena. Asipoiweka mahali pake, wimbo mzima unavunjika na wenzake wanamtazama. Mwalimu alisubiri mpaka vidole vimezoea, ndipo akachukua chaki na kuandika zile nusu na robo ambazo watoto walikuwa wameshazipiga. Mpangilio huo ndio ninaoutafuta darasani: kitu kwanza, jina lake baadaye. Na kuna jambo lingine ambalo hakuna mtihani unaolipima. Omukoonezi hawezi kupiga chochote kama hasikilizi. Kwa mtoto mwenye pupa kama wangu, kukabidhiwa mbao mbili tu na kuambiwa sikiliza lilikuwa somo ambalo mimi nyumbani nilishindwa kulifikisha.

Kazi za mikono nazo zina uzito wake. Darasa la binti yangu lilifundishwa habari za lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho utengenezaji wake UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu. Gome huvunwa wakati wa mvua, shina likafungwa majani ya migomba ili lisikauke, na mti huota gome jipya. Kisha gome hugongwa kwa nyundo za mbao zenye michirizi, kubwa kwanza na ndogo baadaye, mpaka liwe laini, ndipo lianikwe juani ligeuke rangi ya udongo mwekundu. Ndani ya somo hilo moja mna sayansi ya mimea, historia ya wafalme wa Buganda na ukoo wa Ngonge wenye ufundi huo, na hesabu ya upana kabla na baada ya kugonga. Binti yangu aliandika kurasa tatu bila kusukumwa, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshayajua aliyokuwa anayaandika.

Sasa angalia kuta za madarasa. Picha 30 za mbuzi yuleyule, zenye rangi zilezile, zinakuonyesha alichochora mwalimu. Kila mbuzi akiwa na umbo lake, hata yule mwenye miguu mitano, hapo watoto walichora wenyewe. Angalia pia madaftari yaliyochakaa, yasiwe yale yaliyotayarishwa kwa wageni. Na uliza swali hili, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: mtoto asiyependa kusimama jukwaani anafanya nini hapa? Shule nzuri itakutajia vinyago anavyochonga, pazia aliloshona, wimbo alioutunga akampa mwenzake aimbe. Shule ya maonyesho itakuambia atazoea tu.

Kusoma na kuandika kunahitaji swali lake. Baadhi ya shule hizi hufuata mafundisho ya mwanafalsafa Rudolf Steiner, aliyefungua shule yake ya kwanza huko Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, na kwa desturi yao mafundisho rasmi ya kusoma huanza karibu na umri wa miaka saba. Nyingine zina utaratibu wao. Yoyote kati ya hizo inaweza kumfaa mwanao, lakini ujue mapema, la sivyo utamlinganisha na mtoto wa jirani wa chekechea anayesoma alama za barabarani, na wasiwasi wako utamwingia yeye.

Nifike kwenye mtihani, maana hapo ndipo wazazi wengi hushindwa kulala. Mwisho wa darasa la saba kuna PLE, yaani mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na Baraza la Mitihani, UNEB, hutahini masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Elimu ya Jamii. Kila somo hupewa alama kuanzia 1, ambayo ndiyo bora, hadi 9. Kwa hiyo jumla bora ni 4 na mbaya ni 36. Muziki hauhesabiwi, uchoraji hauhesabiwi. Mzazi anayekuambia mtihani huo si muhimu hajawahi kutafuta nafasi ya kidato cha kwanza. Uliza basi shule ina namba ya kituo cha UNEB au inawapeleka watahiniwa shule nyingine, na uliza ratiba ya darasa la sita na la saba ikoje. Binti yangu alifika darasa la sita akiwa anasoma habari ndefu kwa utulivu na kueleza mawazo yake vizuri, lakini alikuwa mwandishi wa polepole. Walimu wakaanza kuwafanyisha mitihani iliyopita kwa saa, mara moja kwa wiki, bila kuwaondolea muziki. Mwendo huo ulitosha. Shule inayokataa kabisa kuzungumzia PLE ningeiogopa sawa na ile inayofuta sanaa yote darasa la nne likianza.

Mbele ya hapo mlango umefunguka zaidi kuliko zamani. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, na wanafunzi wa kwanza kuumaliza walifanya UCE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, mwaka 2024. Kazi za miradi na za darasani zinachangia asilimia 20 ya alama, na mtoto aliyezoea kutengeneza kitu, kukieleza na kukirekebisha haanzi na mikono mitupu.

Kuhusu fedha nitasema machache. Shule ndogo ni dhaifu. Tuliona wakati zilipofungwa, kabisa au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, nyingi za binafsi zikauza madawati na hazikufunguliwa tena. Omba kuona leseni, uliza walimu wamekaa miaka mingapi, na uliza kama rangi, mbao na nyuzi zimo ndani ya karo au zitakuja kwenye orodha ya mahitaji ya muhula. Hiyo orodha inaweza kukushtua kuliko karo yenyewe.

Kwa sisi wa Kiswahili kuna neema moja zaidi. Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, na shule nyingi bado zinatafuta namna ya kukifundisha. Jitolee. Mama mmoja anayejua ngonjera na vitendawili anaweza kuchukua kipindi kimoja kwa wiki, na shule ndogo hufurahi sana kupata mzazi wa hivyo.

Na kama karo haikufikii, usidhani mwanao amekosa. Mtaala wa taifa wa shule ya msingi unazo sanaa ndani yake: muziki, ngoma na maigizo, kazi za mikono, michezo, vyote chini ya kile walimu wanachokiita CAPE. Vipindi hivyo viko kwenye ratiba ya shule ya serikali kama ya binafsi. Tatizo ni kwamba huliwa na hesabu kwa sababu havitahiniwi. Kwenye kikao cha wazazi cha muhula huu, simama uulize vipindi vya CAPE vya darasa la mwanao ni siku gani, na nani anavifundisha. Tafuta wazazi wawili au watatu waulize pamoja nawe, muombe muonyeshwe ratiba yenyewe, kisha mrudi katikati ya muhula kuona kama inafuatwa.