Mkeo hakukimbia ndoa, alikimbia gari lako

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 36, naishi na kufanya kazi Marsabit, na mke wangu ni mwalimu huku huku. Kwa muda mrefu amekuwa akilalamika kwamba simtoi. Mwezi uliopita nikaamua kumfurahisha, nikampeleka Nairobi wikendi. Tuliondoka Jumamosi saa sita mchana baada ya kuoshesha gari. Tangu tutoke mjini alikuwa akiniamuru tu: punguza mwendo, angalia mbuzi, washa taa. Mara ashike dashibodi, mara akanyage sakafu utadhani kuna breki upande wake. Tairi ilitupasukia tulipopita Laisamis, na spea nayo ilikuwa haina upepo, basi akanuna kana kwamba ni mimi niliyeitoboa. Tulifika Eastleigh usiku wa manane. Jumapili nilitoka kidogo tu kusalimia marafiki, na niliporudi alasiri nikakuta amelipa lojingi na kuondoka. Alipanda basi la Moyale, akaniachia gari tulilolijaza mafuta pamoja. Sasa haniongeleshi, na mama yangu mzazi anamtetea! Nimeaibika sana. Nifanye nini aache kiburi?
Mume Aliyeaibishwa, Marsabit

JIBU: Marahaba. Pole kwa kurudi peke yako, ile barabara ni ndefu kwa mtu asiye na wa kuongea naye. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu kila ulichoandika kumshtaki mkeo kinakushtaki wewe.

Tuanze na saa. Kutoka Marsabit hadi Nairobi ni takriban kilomita 550. Ukihesabu matuta ya kila senta, vizuizi vya polisi na malori yanayokokota mizigo kupanda Timau, dereva mzuri anapata wastani wa kilomita 70 kwa saa. Hizo ni saa nane za kushika usukani. Ongeza chai, choo na kunyoosha miguu, unakaribia saa kumi. Aliyeondoka saa sita mchana, bila pancha wala chochote, anafika saa nne usiku. Na kwa kuwa mwalimu lazima awe darasani Jumatatu, ilibidi Jumapili muwe barabarani kufikia saa tatu asubuhi. Sasa niambie, hapo katikati ulimpangia mkeo kitu gani zaidi ya kulala? Hukumtoa. Ulimhamisha kiti, kutoka kwenye kochi la sebuleni hadi kiti cha gari.

Halafu unasema ulitoka "kidogo tu" ukarudi alasiri. Kidogo cha nani hicho? Mngeondoka Nairobi saa kumi jioni, mngekuwa Isiolo saa tatu usiku na Merille, kabla hata ya kufika Laisamis, kwenye saa tano, gizani, na spea yenye historia ile. Mkeo alipiga hesabu akiwa peke yake chumbani, akaona basi lina dereva anayejua kazi. Mimi sioni kiburi hapo. Naona mtu mwenye akili aliyetaka kuiona Jumatatu.

Hizo amri za garini nazo tuzitazame. Dereva anayeambiwa awashe taa ni dereva ambaye hajaziwasha. Na abiria hakanyagi sakafu kwa dharau, mguu huenda wenyewe mwili ukiona hatari. Barabara ya Isiolo kwenda Marsabit, tangu ikamilike kuwekwa lami, imenyooka na kuteleza mpaka mshale unapita 120 bila dereva kujijua. Hapo ndipo mifugo inapokuta watu. Mbuzi mmoja akivuka, wenzake watamfuata hata kama gari liko juu yao, kwa hiyo hupiti nyuma ya wa kwanza ukidhani umemaliza. Unapunguza mwendo mpaka kundi lote livuke. Ngamia ni mbaya zaidi. Miguu yake ni mirefu, bampa inapiga miguu tu, na mwili wenyewe, kilo mia kadhaa, unaingia kwa kioo cha mbele na kuwaangukia waliokaa mbele. Jioni kuanzia saa kumi na mbili mifugo inarudi bomani na macho ya dereva bado hayajazoea giza, na usiku wanyama wengine hulala kwenye lami kwa sababu inatunza joto. Mkeo anaishi Marsabit, haya anayajua. Wewe pia unayajua, ila ulikuwa umechelewa, na aliyechelewa huwa kiziwi.

Sasa tairi, ambalo umeliandika kama ajali iliyotumwa na shetani. Tairi hupasuka kwa sababu. Upepo ukiwa mdogo, kuta zake hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka, zinapata joto, na ukiongeza mzigo, jua la Laisamis na mwendo wa 120, nyuzi za ndani zinaachana. Upepo hupimwa asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi lililopata moto hudanganya kipimo, husoma juu kuliko ilivyo kweli. Kiwango kimeandikwa kwenye stika ukifungua mlango wa dereva. Kwa magari madogo mengi ni kati ya psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 30 na 35, na matairi ya nyuma huongezwa ukibeba mzigo. Kisha tafuta tarakimu nne ubavuni mwa tairi. Ukiona 2318, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi lililozidi miaka sita usilipeleke barabara ile, hata kama meno yake bado yanang'aa. Na kama ni la mitumba, tarakimu hizo zisome kabla hujatoa pesa.

Spea nayo hupoteza upepo polepole ikiwa imelala tu kwenye buti, kwa hiyo ijaze psi chache zaidi ya zingine na uipime siku ile ile unayozipima. Hakikisha wili spana inaingia kwenye nati za gari lako, si la jirani. Nati zilegeze kidogo gurudumu likiwa bado chini, ndipo upige jeki, la sivyo litazunguka nawe. Ukizifunga, zifunge kwa mkingamo, moja huku na inayoikabili kule, na ukishatembea kilomita 50 simama uzikaze tena. Aliyejiandaa hutumia dakika 20. Nyinyi bila shaka mlisimama juani mkisubiri lori la msamaria, mkeo akiwa na chupa ya maji iliyokwisha, nawe unashangaa amenuna.

Sikuulizi kama uliangalia rejeta. Kutoka Isiolo mpaka Timau unapanda zaidi ya mita 1,000, na hapo ndipo magari yaliyojazwa maji ya bomba badala ya kulanti, ile dawa ya kupoza injini, yanapochemka. Mshale wa joto ukianza kupanda, zima kiyoyozi, shusha gea, na ukiendelea kupanda simama. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, maji yatakurukia usoni. Wakati wa kurudi, mteremko wa Subuiga kwenda Isiolo uteremke kwa gea ndogo. Anayekalia breki mpaka chini hunusa harufu ya kuungua, kisha anakanyaga anakuta hazishiki.

Kuna kitu kimoja ulichokumbuka kukifanya kabla ya safari: kuoshesha gari. Hapo ndipo ndoa nyingi za siku hizi zilipo. Gari lililooshwa linaonekana kwenye picha, upepo wa tairi hauonekani. Watu wanafunga safari za wikendi ili waziweke kwenye stetasi, wakirudi hawasalimiani. Na wanawake nao wasijifiche hapa. Wapo wanaopima mapenzi kwa kilomita, mume akiwapeleka karibu wanaona hawajapelekwa, mpaka mwanamume anakopa ili asishindwe na jirani. Zamani mtu alimpeleka mkewe kusalimia wakwe, wakarudi na kuku na habari za miezi sita. Leo wanarudi na deni na pazia la kimya. Lakini katika barua hii mkeo hakuomba Nairobi. Soma maneno yako mwenyewe, alisema humtoi. Nairobi uliichagua wewe, kwa sababu marafiki zako wako huko.

Tena kuna hilo la "tulilolijaza mafuta pamoja". Mwanamume aliyenunua mafuta huandika "nililojaza". Gari la injini ya 1500cc hula lita moja kwa kilomita 12 hadi 15, kwa hiyo kwenda na kurudi ni lita 74 hadi 92. Zidisha kwa bei ya pampu ya Marsabit, ambako petroli huwa ghali kuliko Nairobi kwa sababu ya gharama ya kuifikisha huko. Ongeza lojingi aliyolipa na nauli ya basi. Safari uliyomzawadia mkeo inaelekea aliilipia yeye. Mama yako ameliona hilo, na mama hamwachi mwanawe hadharani bila sababu.

Usimwambie aache kiburi. Mwambie ulimtisha na ulimwacha peke yake katika mji usio wake, kisha umrudishie pesa zake. Mkifika hapo salama, muulize anataka kwenda wapi, na unyamaze mpaka amalize kujibu.

Akisema wikendi ya kawaida, msivuke Nanyuki. Ni kama kilomita 350. Mkiondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mtakula chakula cha mchana pale, mpige picha zenu kwenye kibao cha ikweta, na Jumapili mwamke mapema muuone Mlima Kenya kabla haujajifunika mawingu. Ondokeni saa tatu, mtakuwa nyumbani kabla ya mbuzi kurudi bomani. Akisema Nairobi, ngojeni mapumziko ya katikati ya muhula mpate usiku mbili au tatu, na marafiki zako wasalimie kwa simu.

Akikataa kupanda tena gari lako, usibishane. Kata tikiti mbili za basi, na kiti cha dirishani umwachie yeye.