Kano ya bega ikishonwa, nini huifanya ishike?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 58. Kipimo cha MRI kimeonyesha kuwa kano ya bega langu la kulia imechanika na kuachana na mfupa, nami nimeshauriwa kufanyiwa upasuaji. Jirani yangu alishonwa hivyo hivyo, lakini kano ikaachia tena. Je, zipo mbinu zinazoisaidia kupona?

JIBU: Ndugu msomaji, zipo. Kano inapoachia tena, mara nyingi si uzi uliokatika, bali uzi umepenya na kuikata kano yenyewe kabla haijashikamana na mfupa. Nyuzi ni za kuishikilia kwa muda tu; kinachoiunganisha hatimaye ni kovu, nalo huchukua miezi kukomaa.

Kwa sababu hiyo daktari mpasuaji huanza na mfupa: hukwangua kidogo sehemu ya juu iliyokuwa imeshikwa na kano, na wengine hutoboa vitundu vidogo ili damu na seli za uboho zivuje hadi kwenye mshono. Kisha huilegeza kano kutoka kwenye makovu yaliyoizunguka, ifike mahali pake bila kuvutwa kwa nguvu. Hatua hii naiona muhimu kuliko zote, ingawa wagonjwa huiulizia mara chache. Pengo likiwa kubwa, nyuzi zinaweza kufungwa kwa safu mbili za nanga ndogo zilizopachikwa mfupani, zikapita juu ya kano na kuikandamiza kwa upana. Lakini safu mbili juu ya kano iliyovutwa kupita kiasi huweza kuichana upande wa ndani, karibu na msuli. Kiraka cha kolajeni, yaani protini inayojenga kano, hutumika pale kano ilipokuwa nyembamba. Sindano za chembe sahani za damu, yaani zile zinazosaidia damu kuganda, husifiwa sana, ila matokeo ya tafiti zake yanapingana.

Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta kano zimeachia tena kwa wagonjwa 17 kati ya 18 waliokuwa na michaniko mikubwa, na hata hivyo wengi wao walikuwa wamepungukiwa na maumivu. Hali ya jirani yako, basi, haimaanishi kwamba upasuaji wake ulikwenda bure.

Kama unavuta sigara, acha sasa. Kama una kisukari, kidhibiti kabla ya siku ya upasuaji. Muulize pia daktari wako iwapo picha ya MRI inaonyesha mafuta ndani ya msuli, kwani yakiwa mengi uwezekano wa kano kushika hupungua, hata ishonwe kwa ustadi gani.