Maswali ya Wasomaji: Mzee Kaacha Maboksi ya Katuni, Tufanyeje?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na misiba, wachoraji waliotutoka na wapenzi wa katuni waliotutoka, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Mlioniuliza tableti gani nzuri ya kuchorea mtanisamehe, toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Anko. Baba yetu alikuwa mchora katuni, alichorea magazeti na majarida ya Dar miaka ya 80 na 90. Alifariki mwaka jana, arobaini tulishamaliza. Kaacha maboksi ya michoro chini ya kitanda na mengine yameanza kunuka uvundo. Kaka zangu wanataka tuchome kwa sababu nyumba inauzwa, halafu kuna jamaa kaja anataka kununua zote kwa bei ya kutupa. Mimi roho inaniuma. Nifanyeje? (Binti wa Mchoraji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana kwa msiba. Msichome, na huyo jamaa mwambieni asubiri.

Naongea hivi kwa sababu hii hadithi naijua. Mguse mtu yeyote wa rika langu umtajie Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi au Madenge, wale wahusika wa katuni wa jarida la Sani, atakusimulia mpaka uombe poo, halafu muulize nani alikuwa anachora, hapo ndio anaanza kukuna kichwa. Philip Ndunguru, mmoja wa mikono iliyoijenga Sani, alifariki 1986 akiwa bado kijana kabisa, wangapi wanamtaja? Chakubanga, katuni ya gazeti la Uhuru, alianzia mkononi mwa Christian Gregory. Kwa majirani zetu Kenya, Juha Kalulu, katuni ya gazeti la Taifa Leo, kasomwa na babu, baba na mjukuu, maana marehemu Edward Gitau alianza kumchora tangu miaka ya 1950, lakini jina lililobaki midomoni ni la Juha. Sisi tunamkumbuka katuni, aliyemchora tunamzika mara mbili.

Na gazeti lenyewe halikai. Karatasi ile imetengenezwa kwa mti uliosagwa tu, ikipigwa na mwanga inageuka njano na kukatika, na kabla ya hapo mwenye duka alishafungia maandazi. Kwa hiyo hayo maboksi huenda ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani ya kazi ya mzee wako.

Tena kwenye mchoro wa asili kuna vitu gazetini hukuviona. Chukua mmoja usogeze dirishani. Utaona penseli chini ya wino, pale alipojaribu mkono ukakataa akaurudia, utaona doa la tipeksi alipofuta neno, na pembeni inawezekana kuna maandishi ya bluu hafifu, maelekezo ya mtu wa matbaa, kwa sababu kamera za matbaa za zamani zilikuwa haziioni bluu ile. Hapo ndipo baba yako alipo, mwanangu.

Sasa kazi. Toa maboksi chini ya kitanda leo hii, sakafu ya Tanga inatoa unyevu hata kiangazi. Weka juu ya rafu au meza, mbali na ukuta wa nje. Zenye ukungu zitenge na nzima, zianike kivulini sehemu yenye upepo, SIO juani, zikikauka kabisa uzipanguse nje kwa brashi laini huku umevaa barakoa. Zilizoshikana usizivute kwa nguvu. Usibandike selotepu hata kidogo maana gundi yake inakula karatasi, usipeleke leminesheni hata fundi akuambie itapendeza, na usipige pasi (ndiyo, wapo wanaopiga pasi). Kati ya mchoro na mchoro weka karatasi nyeupe safi. Nyuma, pembeni, andika kwa penseli laini, sio peni: gazeti gani, mwaka gani, mhusika nani. Hilo fanya sasa hivi mama na rafiki zake mzee wakiwa bado wapo wa kukumbuka, kwa sababu mchoro usio na maelezo baada ya miaka ishirini ni karatasi tu.

Halafu skani, ukali wa picha wa 600 dpi (nukta kwa kila inchi) unatosha sana, weka nakala sehemu mbili tofauti na moja usiishike wewe, ishike ndugu wa mji mwingine. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina kitengo cha East Africana kinachotunza machapisho ya huku kwetu, nendeni mkawaulize kama wanaweza kupokea, ila chochote mtakachokabidhi kiandikwe.

Kuhusu jamaa wa bei ya kutupa: karatasi ni kitu kimoja na hakimiliki ni kitu kingine, ukimuuzia karatasi hujamuuzia haki ya kuchapisha fulana na vikombe, lakini yeye anaweza kujifanya umemuuzia vyote. Hakimiliki inabaki kwa warithi angalau miaka 50 baada ya kifo. Kama mzee alikuwa ameajiriwa na gazeti, inawezekana haki ni ya mwajiri, kama alikuwa anauza mchoro mmoja mmoja ni habari nyingine, kwa hiyo tafuteni mikataba, hata vile vikaratasi vya malipo, muende COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wawaelekeze. Na kaka zako waambie Anko kasema nyumba iuzwe, maboksi hayamo kwenye bei.

SWALI: Anko, Akira Toriyama alipofariki nililia kweli, katuni yake ya Dragon Ball imenilea. Sasa kila Machi nikiweka picha yake status washkaji wananicheka, eti nalilia Mjapani ambaye hata hakujua kama nipo. Hivi mimi nina tatizo? (Mshikaji wa Goku, Nakuru)

JIBU: Huna tatizo, mdogo wangu. Toriyama alifariki tarehe 1 Machi 2024 akiwa na miaka 68, damu ilivujia ndani ya fuvu, na dunia ikaambiwa wiki moja baadaye familia ikiwa imeshamzika kimyakimya. Siku chache tu baada ya hapo maelfu ya watu walijaa kwenye Obelisco pale Buenos Aires, Argentina, watu wazima na watoto wao, wakanyoosha mikono juu kama vile watu wanavyompa Goku, shujaa wa Dragon Ball, nguvu zao kwenye hadithi. Wale nao Toriyama hakuwajua.

Na 2021 alipofariki Kentaro Miura, Mjapani aliyechora komiki ya Berserk, miaka 54 tu, wachezaji wa gemu ya Final Fantasy XIV walivalisha wahusika wao mavazi meusi na mapanga makubwa wakapanga mistari kwenye barabara za miji ya mle ndani ya gemu, wamesimama tu. Washkaji zako wakicheka waache wacheke, mchezaji mpira wa Ulaya akifa na wao wataweka status na hakuna atakayewauliza walijuana wapi.

SWALI: Sisi ni kikundi cha wachoraji. Mwenzetu kafariki ghafla kwa ajali ya boda, kaacha komiki kaifikisha katikati. Wengine wanasema tuimalizie kwa heshima yake, wengine wanasema ni kumvunjia heshima. Wewe unaonaje? (Wana Kikundi, Mwanza)

JIBU: Poleni sana wanangu. Hizi ajali zimetumaliza, hata Frank Odoi, Mghana aliyehamia Nairobi akatuchorea komiki za Golgoti na Akokhan, alikufa kwenye ajali ya matatu tarehe 21 Aprili 2012.

Swali lenu lina mfano mzuri, na ni huyohuyo Miura. Alikufa Berserk haijaisha, lakini miaka mingi nyuma alikuwa amemsimulia rafiki yake Kouji Mori, naye mchoraji, hadithi yote mpaka mwisho. Juni 2022 hadithi ikaendelea, wanachora vijana wa studio yake, anasimamia Mori, na Mori alitangaza wazi kwamba ataweka yale aliyoambiwa na Miura tu, hataongeza ya kwake. Wapo mashabiki waliogoma kusoma na siwalaumu.

Kwa hiyo mimi nauliza: kuna kati yenu aliyeambiwa mwisho wake? Kama yupo, au kuna daftari, nendeni kwa familia muombe ruhusa, na pesa ikipatikana mkubaliane mapema fungu la mama yake ni lipi. Jina lake litangulie jaladani. Ukurasa wa mwisho aliouchora mwenyewe uwekeni alama ili msomaji ajue hapa mkono umebadilika. Kama hakuna anayejua mwisho, chapisheni mpaka hapo alipoishia, hata kama ni katikati ya ngumi, msibuni.

SWALI: Kuna mzee mchora katuni mtaani kwetu anaumwa sana. Tunataka kumfanyia onyesho la heshima Mungu akimchukua. Tuanze kuchangishana? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Eh! Mnamsubiri afe? Mwisho wa 2021 George Pérez, aliyewachora Avengers na Wonder Woman, mashujaa wa komiki za Marekani, aliwaambia mashabiki ana saratani ya kongosho na amekataa matibabu. Hawakungoja. Kitabu chake cha JLA/Avengers kilichapwa upya mapema 2022, nakala 7,000, mapato yakaenda Hero Initiative, taasisi inayosaidia wachoraji wa zamani Marekani wanaokwama na matibabu au kodi ya nyumba. Aliaga dunia tarehe 6 Mei mwaka huohuo, akiwa ameshauona upendo kwa macho yake.

Changeni leo. Nusu ya pesa iende kwenye dawa. Onyesho lifanyike sebuleni kwake kama hawezi kutoka, michoro ibandikwe ukutani, na mmoja wenu akae naye na simu arekodi kila mchoro mzee anauelezea mwenyewe. Mkimaliza niandikieni nije niuone.