Mahali pa kutupa ndoana Mto New, West Virginia, Marekani
Ndugu, unapoteremka Mto New kwa boti ya mpira usipoteze chambo katikati ya mkondo wa kasi, kwa sababu samaki aitwaye besi wa mdomo mdogo hukaa nyuma ya miamba, mahali maji yanapozunguka polepole, akivizia kambamto na visamaki vinavyoletwa na mkondo. Tupa mbele kidogo ya mwamba, upande maji yanakotoka, kisha uache chambo kiteremke chenyewe. Kwa mgeni, sehemu kati ya miji ya Hinton na Thurmond ndiyo inayofaa, ingawa maporomoko ya Sandstone yaliyomo humo hayapitiwi kwa boti, nawe utalazimika kutoka majini kabla ya kuyafikia. Ukiteremka kupita Thurmond maji ni makali mno. Huko usiende bila mwongozaji mzoefu.